Jina la Kumi na Moja

"Na tazama, enyi wana wa wanadamu, mtanawa mikono yenu kabla ya kula, isije ghadhabu ikawashukia."

Mwalimu Fuatino aliisoma sentensi hiyo kwenye skrini mara mbili, ya kwanza kimoyomoyo, ya pili kwa sauti, na walimu wote kumi na wawili waliokuwa darasani wakaangua kicheko. Alikuwa ameiomba mashine ya akili mnemba imwandalie somo la usafi la darasa la tatu, kwa Kisamoa. Badala ya somo ikamletea nabii.

"Msishangae," alisema Lusia, mkufunzi aliyetumwa na wizara kutoka mji mkuu, Apia, binti wa miaka ishirini na sita mwenye miwani mikubwa na subira kubwa zaidi. "Kisamoa kingi ilichokisoma ni cha Biblia. Iambie iongee kama mama anavyoongea na mwanawe jikoni. Jaribu tena, mwalimu."

"Jikoni?" akadakia mwalimu mmoja wa kiume kutoka kijiji jirani. "Kwangu mimi ghadhabu hushukia jikoni hukohuko!"

Wakacheka tena. Fuatino akaandika kwa vidole viwili, polepole, kama mtu anayechagua mawe kwenye mchele. Mashine ikajibu kwamba inaomba radhi, kisha ikaleta somo lililonyooka, lenye mtoto aliyetoka shambani na tope la taro, magimbi ya kwetu, kwenye kucha. Mama wa watu akabaki mdomo wazi. Somo lenyewe halikumshangaza sana. Kilichomshangaza ni ile radhi. Miaka thelathini na moja alikuwa akifundisha, na hajawahi kumsahihisha mtu yeyote, mkubwa kwa mdogo, asinune.

"Iulizeni chochote," Lusia alikuwa akisema huku akipita kati ya madawati. "Swali la kijinga halipo. Akili mnemba haimcheki mtu."

Maneno hayo yakamwingia Fuatino na kukaa.

Mafunzo yalikuwa ya wiki mbili, yakifanyika katika shule ya kijiji cha Saleuta kwa sababu ndiyo pekee upande huu wa kisiwa cha Savaii yenye umeme wa jua usiokatika. Kwetu mwenyeji haagi wageni mikono mitupu. Siku ya kufunga mafunzo, baraza zima la kijiji lingekuja, shule ingeandaa karamu, na watoto wangeonyesha kitu kilichoandaliwa kwa msaada wa mashine, ili wazee waone wizara imeleta nini. Mwalimu mkuu akaamua watoto watatamka faalupega ya Saleuta, na kazi hiyo akampa Fuatino.

Faalupega si wimbo wa kuchezea. Ni majina ya heshima ya koo za kijiji, yanayorithiwa kizazi hadi kizazi na yakitajwa kwa mpangilio wake kila wazee wanapokutana. Ukimruka mtu, umemzika. Ukimtanguliza asiyestahili, umemvua mwingine nguo hadharani. Na Fuatino, mwenye miaka hamsini na minane, mwalimu aliyewafundisha kusoma nusu ya watu wazima wa Saleuta, hakuijua.

Aibu hiyo aliibeba peke yake. Alitoka kisiwa cha Upolu, akaolewa hapa, na mwanamke aliyeolewa kijijini hukaa na wenzake walioolewa: huosha vyombo, hupepea wazee, huchemsha kakao. Majina yanapotajwa mbele, yeye yuko nyuma na birika. Alikuwa ameyasikia mara mia kupitia ukuta wa jiko, jinsi mtu anavyosikia mvua bila kuhesabu matone. Mwaka wa pili wa ndoa yake alijikaza akamuuliza Maulolo, kaka yake mume wake, ambaye ndiye msemaji wa kijiji. Maulolo akacheka mbele ya wageni mpaka akashika mbavu. "Shemeji yangu kaja na mikeka mitano ya harusi," alisema, "masikio kayasahau kwao!" Mwaka mzima watoto waliuimba utani huo njiani. Tangu siku ile Fuatino akawa mtu wa kutikisa kichwa. Miaka thelathini na miwili ya kutikisa kichwa! Kuuliza si ujinga, alikuwa ameandika kwenye karatasi la manila ukutani mwa darasa lake, lakini hiyo ilikuwa sheria ya watoto.

Wenzake walipotoka kwenda kula, alibaki. Akafunga mlango. Akaandika: Nitajie faalupega ya kijiji cha Saleuta.

Haikumcheka. Haikumuuliza ameishi hapo miaka mingapi. Ilileta mistari kumi na mmoja, imepangwa vizuri, kila jina na heshima yake, na macho ya Fuatino yakajaa machozi. Ni kweli Lusia alikuwa amewaonya asubuhi ileile: "Mara nyingine hutunga. Jambo la mila lihakikisheni kwa wenyewe." Fuatino alimsikia vizuri, na hata kwenye daftari aliandika. Lakini wa kuulizwa alikuwa Maulolo. Akaichapa karatasi kwenye printa ya shule, akaikunja, akaitia ndani ya kitabu chake cha nyimbo za kanisani.

Akachagua watoto kumi na mmoja, kila mmoja mstari wake. Siku tatu za mazoezi, na masharti makali: nyumbani asiseme mtu, hii ni zawadi ya kuwashtukiza wazee. Mstari wa mwisho alimpa Ruta, binti wa mchungaji, kwa sababu alikuwa na sauti kama kengele. Mchungaji kwetu si mzaliwa wa kijiji anachokihudumia; baba yake Ruta aliletwa mwaka juzi kutoka kisiwa kingine. Hata kama mtoto angeteleza akautamka mstari wake mezani, nyumbani kwao hakuna masikio ya kuushika.

*

Ijumaa ya kufunga mafunzo, darasa lilikuwa limeondolewa madawati na kutandikwa mikeka. Wazee wenye vyeo, tunaowaita matai, waliketi kila mmoja kwenye nguzo yake, mafuta ya nazi yakiwang'aa mabegani. Kwenye nguzo ya heshima kuliko zote aliketi Leatualofa, mkuu wa kijiji, mzee mdogo wa mwili mwenye miaka themanini na ushee, miwani yake imefungwa kwa uzi. Ava, kinywaji cha baraza, ilikuwa ikizungushwa. Walimu wageni walikuwa nyuma, na Lusia kando ya projekta, amejifunga nguo mpya ya sherehe.

Watoto wakaanza. Mstari wa kwanza ulimtaja Leatualofa, na mzee akainamisha kichwa. Wa pili, wa tatu. Kila jina lilipotajwa, mwenye nalo aligusa mkeka kwa vidole, na Fuatino, aliyekuwa amepiga magoti mlangoni, alihisi kitu kinafunguka kifuani mwake. Hata Maulolo aliguna kwa kuridhika jina lake lilipofika mahali pake. Ukaja wa tisa. Ukaja wa kumi. Maulolo akajikohoza, akasimama, akautupa usinga wake wa usemaji begani, akafungua mdomo kutoa shukrani za kijiji.

"Na mtukufu Asimatagi," alisema Ruta kwa sauti yake ya kengele, "na nyumba yake yote iliyoketi hapa."

Feni za mkono zikasimama. Kijana aliyekuwa akipeleka kikombe cha ava akabaki ameinama, kikombe kimenyooshwa, hajui ampe nani. Pale mlangoni Sefo, mume wake Fuatino, alikuwa ameingia na kapu la taro. Akaliweka chini taratibu, kama mtu anayemlaza mtoto. Kutoka kwa wanawake nyuma ikatoka sauti moja, "Auee," halafu nayo ikakatwa.

Ruta alidhani amekosea matamshi. Akarudia, kwa bidii zaidi.

"Basi, mwanangu," mwalimu mkuu akamnyamazisha. Kisha akainama sikioni kwa Fuatino. "Mwalimu, umetuua. Umelitoa wapi jina hilo?"

"Jina gani?"

Mwalimu mkuu akamtazama kuona kama anafanya mzaha. Akaona hafanyi. Ndipo akamweleza kwa minong'ono, harakaharaka, jambo ambalo kila aliyezaliwa Saleuta alilijua na hakuna aliyelisema. Miaka arobaini na moja iliyopita, kwa ugomvi wa mpaka wa shamba, mtoto wa nyumba ya Asimatagi alimkata kwa panga Semisi, mdogo wake Leatualofa. Akafa palepale. Baraza likaifukuza nyumba nzima, wazee kwa vichanga. Nyumba zao zikachomwa moto, minazi yao ikaangushwa, na jina likatolewa kwenye faalupega. Lile jukwaa la mawe nyuma ya shule, ambalo watoto huchezea kriketi, lilikuwa msingi wa nyumba yao.

Fuatino alikuwa ameketi juu ya mawe yale mara ngapi akisahihisha madaftari? Siku zote alidhani ni sakafu ya kanisa la zamani. Alitaka kusimama, akashindwa. Alitaka kulia, machozi yakakataa.

"Nani amewafundisha watoto hawa?" aliuliza Maulolo. Hakupaza sauti, na hapo ndipo watu walipoogopa.

Lusia akajitosa kabla Fuatino hajapata pumzi. Alikuwa amekulia mjini, lakini si kwamba hakuona yaliyokuwa yakitokea. "Wazee wetu, nawaomba radhi. Si kosa la mwalimu. Ni mashine ndiyo iliyokosea."

"Mashine." Maulolo akaigeukia kompyuta iliyokuwa mezani. "Haya. Mashine hii ni ya ukoo gani?"

"Haina ukoo, mzee."

"Baba yake nani? Kijiji chake kipi?"

"Hana... haina."

"Kwa hiyo akitukanwa mtu kwa kinywa chake, nani atakayekuja kuketi mbele ya nyumba yetu? Nani atafunikwa mkeka kwa ajili yake, alfajiri mpaka jua limchome, akisubiri tumsamehe au tumpige?"

Katika kuchanganyikiwa kwake Lusia akafanya alichozoea kufanya siku zote kumi: akaiandikia. Aliieleza kwamba jina la kumi na moja ni kosa zito. Projekta ilikuwa bado inawaka, na jibu likajitokeza ukutani, kubwa, mbele ya kijiji kizima: Naomba radhi sana kwa kosa hilo. Hii hapa orodha iliyosahihishwa.

Ikafuata orodha. Majina kumi.

Wazee wakautazama ukuta. Sidhani kama kuna jambo lililowahi kuwashtua zaidi, hata lile jina. Msamaha ulikuwa umeombwa bila goti kugusa chini, bila mkeka, bila nguruwe wa faini, hata bila kupumua, kwa muda mfupi kuliko wa kupiga chafya. Mmoja wao akanong'ona, "Imekwisha? Ndivyo tu?"

"Ni mimi," alisema Fuatino.

Alikuwa amepata miguu, au magoti angalau. Alitambaa katikati ya mikeka, mahali ambapo katika miaka thelathini na minne hakuwahi kufika bila sinia mkononi, akainamisha kichwa mpaka paji la uso likagusa chini. "Niliyewafundisha ni mimi. Mashine haikuja darasani kwangu kwa miguu yake. Mtoto huyu hana kosa, na mkufunzi alitukanya. Kinywa ni changu."

"Shemeji," alisema Maulolo, na sasa sauti yake ilikuwa imechoka. Alikuwa mtu wa maneno mengi, lakini si mtu mbaya, na aliyekuwa mbele yake ni mke wa ndugu yake wa damu. "Nyumba yetu italipa faini, hilo sina ubishi nalo. Lakini wewe huwezi kubaki mbele ya watoto wa kijiji hiki. Urudi kwenu Upolu. Ukae huko mpaka baraza litakapokuita, kama litakuita."

Sefo mlangoni akafungua mdomo, akaufunga. Mtu asiye na cheo hasemi barazani. Fuatino alisikia kila neno na akalikubali, na wakati huohuo akawa anawaza mambo ya kipuuzi: nani atasahihisha mitihani ya Jumatatu, nani atajua kwamba mtoto wa Iakopo hasikii sikio la kushoto. Miaka thelathini na minne, na jambo lililomtoa ni karatasi moja iliyokunjwa.

"Binti," ikasema sauti nyembamba kutoka nguzo ya heshima.

Ilikuwa ya Leatualofa, naye alikuwa akimwita Lusia. Tangu jina litamkwe hakuwa amesogea.

"Hicho kitu kilimjulia wapi Asimatagi?"

Lusia akauliza, akasoma jibu. "Inasema ni kwenye orodha ya zamani, mtukufu. Iliyochapwa miaka tisini iliyopita. Sina hakika kama ni kweli, mara nyingine hubuni. Lakini ndivyo inavyosema."

"Miaka tisini. Nilikuwa sijazaliwa." Mzee akavua miwani, akaifuta kwa pembe ya nguo yake. "Na yaliyotokea baadaye haiyajui?"

"Haiyajui, mtukufu."

"Haijui kwamba nyumba zilichomwa."

"Hapana."

"Wala kwamba Semisi..."

"Hapana, mtukufu."

Mzee akairudisha miwani usoni, akaukazia macho ule ukuta wenye orodha, kama mtu anayechungulia dirishani mwa nyumba ya watu. "Kwa hiyo humo ndani," alisema, "mdogo wangu bado hajauawa."

Maulolo, ambaye kazi yake maishani ilikuwa kupata neno pale wengine wanapolikosa, aliutazama usinga wake tu. Lusia akazima projekta bila kuambiwa, na ukuta ukabaki ukuta.

Leatualofa akasimama. Wazee wote walishtuka, maana mkuu wa kijiji hasimami barazani. Akatembea kwa taratibu juu ya mikeka, akapita kikombe cha ava kilichokuwa bado hewani, akafika pale alipokuwa Fuatino, akajishusha chini kwa shida mpaka akaketi mbele yake, goti kwa goti. Harufu yake ilikuwa ya nazi na tumbaku.

"Inua kichwa, mwalimu."

Akakiinua.

"Ulikuwa unalijua jina hilo?"

"Sikulijua, mtukufu. Nimelijua sasa hivi."

"Miaka yote hii! Mbona hukuuliza?"

Fuatino angeweza kutikisa kichwa. Shingo yake ilikuwa imeshazoea. "Niliuliza mara moja," alisema, "nikachekwa."

Nyuma yake Maulolo alikohoa, akahamisha uzito kutoka mguu mmoja kwenda mwingine. Uso wake ulikuwa umebadilika. Huenda hata yeye alikuwa amesahau utani ule mpaka dakika hiyo. Wanaocheka husahau haraka.

"Mimi nina miaka themanini na tatu," alisema Leatualofa. "Wajukuu wangu wanacheza kriketi juu ya mawe yale, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza ni ya nani. Nilikuwa najisifu kwamba ni heshima." Akamgeukia msemaji wake. "Maulolo."

"Mtukufu."

"Habari za Upolu tutazizungumza baadaye. Kaa chini. Na nyinyi watoto, sogeeni."

Watoto kumi na mmoja wakasogea, Ruta wa mwisho, macho mekundu kwa kulia. Mzee hakuwatazama. Alikuwa akimtazama Fuatino.

"Niulize mimi," alisema.

Watu wote wa Saleuta walikuwa humo ndani au madirishani, hata wapishi walikuwa wameuacha moto wao, na maneno matatu hayakuwahi kumwelemea Fuatino kiasi kile.

"Asimatagi ni nani?"

Mzee akaugeuza uso kuelekea upande wa yale mawe.

"Walikuwa wakilala mkeka mmoja," alisema. "Mtoto wa Asimatagi na Semisi wetu. Tangu wakiwa hivi."

Akanyoosha mkono kuonyesha kimo chao, shubiri chache tu kutoka sakafuni. Mkono ukabaki hapo hewani, na mzee akawa anautazama.